Mteremko Ushikwe na Gia, Breki Zibaki Akiba

Boti ya kisiwa cha Goziba haina breki. Ikikaribia mwalo, nahodha hupunguza mafuta, na maji yenyewe huishika mpaka mwendo ufe. Dagaa wakishapakiwa kwenye Fuso nchi kavu, mambo hubadilika. Barabara za Muleba na Bukoba hupanda na kushuka vilima vinavyoambaa na Ziwa Victoria, na huko hakuna maji ya kulishika gari. Dereva ana breki, na ana injini.

Tuchukue Fuso la tani 8 pamoja na mzigo wake, linaloshuka kimo cha mita 200 kwa mwendo uleule. Nishati inayopaswa kumezwa njiani ni kama megajuli 15.7. Joto hilo linatosha kuchemsha madumu mawili ya maji ya lita 20, na bado likabaki.

Dereva akitegemea breki peke yake, sehemu kubwa ya joto hilo huishia kwenye ngoma za magurudumu. Ngoma ya chuma ikipata moto hutanuka na kuzikimbia breki shuu, na bitana zake hupoteza mkwaruzo. Mafuta ya breki nayo yana kikomo. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kustahimili nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini yakishanyonya unyevu kikomo hicho huweza kushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kirahisi: dereva anakanyaga, pedo inazama mpaka chini, gari halisimami.

Injini hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine. Mguu ukiondolewa kwenye mafuta huku gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo huizungusha injini. Katika injini ya petroli mlango wa hewa hufungwa, pistoni zikahangaika kuvuta hewa isiyopita, na mwendo ukashikwa. Gia ikiwa nzito zaidi, injini huzunguka haraka zaidi na kushika zaidi. Joto hutoka kupitia rejeta na ekzosi.

Injini nyingi za dizeli hazina mlango huo. Hewa iliyoshindiliwa huisukuma pistoni irudi chini, na nguvu nyingi hurudi ilikotoka. Ndiyo maana malori mengi hufungwa valvu ya kuziba ekzosi.

Mmarekani Clessie Cummins alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1931 breki za lori lake zilichoka akishuka Cajon Pass, California, akanusurika kugonga treni ya mizigo. Baadaye alibuni breki inayofungua valvu za ekzosi pistoni inapofika juu, ili hewa iliyoshindiliwa itoke kabla ya kurudisha nguvu. Kampuni ya Jacobs ilianza kuitengeneza mwaka 1961.

Hapa kwetu, tarehe 24 Februari 2024, lori liliyagonga magari matatu Ngaramtoni, katika barabara ya Arusha hadi Namanga. Watu 25 walikufa. Polisi walisema breki zilifeli.

Breki bado zina kazi yake. Dharura ikitokea, ndizo zinazosimamisha gari. Kwenye mteremko, zikanyagwe kwa nguvu kidogo mwendo upungue, kisha ziachiwe zipoe, gia iendelee kushika. Pia injini haiwashi taa nyekundu za nyuma, hivyo mguso mdogo wa pedo humwonya anayefuata.

Wapo wanaoshuka kwa kupiga free wakidhani wanaokoa mafuta. Kwa magari ya sindano za kielektroniki, hesabu hiyo imegeuka: gari likiwa kwenye gia bila kukanyagwa mafuta, injini huacha kabisa kunyunyiza mafuta; likiwa free, injini hulazimika kuyachoma ili isizimike. Dereva wa Kagera, badili gia ukiwa bado juu ya kilima, kabla gari halijashika kasi. Ukichelewa, gia nzito inaweza kukataa kuingia, na utakuwa umebakiwa na pedo peke yake.