Hongera kwa wanaouliza

Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1965, na tangu hapo kampasi ya Mlimani imetoa wanakemia, wanafizikia na wanabiolojia wengi. Sifa huenda kwa maabara. Mimi leo nawapongeza wanaoendesha semina za idara na utetezi wa tasnifu, kazi isiyo na posho ya maana wala makofi.

Semina ndiyo jiko lenyewe. Mtahiniwa anaonyesha grafu yake ukutani, anaamini mstari umenyooka, kisha mwalimu mmoja wa nyuma anauliza: "Hiyo nukta iliyojitenga umeifanyaje?" Akijibu kwamba aliifuta, ataambiwa arudi kwenye daftari lake la maabara aeleze kwa nini. Vipimo vilirudiwa mara ngapi? Mizani ilisawazishwa lini? Maswali haya huuma, lakini heri yaulizwe na wenzako kuliko na mtahini wa nje, ambaye hakujui wala hana haja ya kukuonea haya.

Siku ya utetezi yenyewe, kusema kweli, mara nyingi ni fupi kuliko hofu yake. Wengi hufaulu wakiwa na orodha ya masahihisho mkononi, na hilo si aibu.

Wapo wanaouliza ili waonekane, hao siwahesabu. Walimu mliosoma sura zote hadi kiambatisho cha mwisho, hongereni sana. Nanyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza, semina zikitangazwa ubaoni, ingieni mkasikilize.