Kiti cha simenti na karo: uzuri wa macho ao uzuri wa kukaa?

Neno baraza, ambalo sisi wa Lubumbashi tunalitumia kwa kutaja veranda ya nyumba, lilitoka mbali. Kule Lamu na Zanzibar, baraza ni kiti kirefu cha mawe na chokaa, kilichojengwa pamoja na ukuta, nje, upande wa njia. Jirani anakaa, mupita-njia anakaa, habari za mutaa zinapitia pale. Kwetu jina lilifika, lakini kiti chenyewe kilibakia njiani.

Leo mafundi wetu wanaanza kukirudisha kwa beto na vipande vya karo. Kazi hii inastahili kusifiwa. Inastahili pia kuchunguzwa, maana hapana kila kinachong'aa njo kiti.

Kuko namna mbili za kukitengeneza. Ya kwanza: fundi analaza vipande vya karo, uso chini, ndani ya kisanduku cha mbao, kisha anamwanga beto juu yake. Ikikauka na kugeuzwa, uso unakuwa sawasawa kabisa. Ya pili: anamwanga beto kwanza, halafu anabandika vipande kimoja kimoja kwa simenti. Hii inamupa uhuru wa kuchora, lakini asipoangalia, ncha zinasimama kama meno na kupasua kikwembe cha mama. Katika namna zote mbili, fero inapaswa kukaa upande wa chini wa beto ya kukalia, juu uzito wa watu unavuta pale. Na beto ifunikwe na mifuko yenye maji siku 7. Wenye haraka wanaiacha paka vile kwenye jua la mwezi wa kumi. Inapasuka mbele ya mvua.

Kosa ninaloona mara nyingi ni kumufikiria mwenye kuangalia na kumusahau mwenye kukaa. Karo nyeusi zinaunguza saa sita. Uso usio na mutelemko kidogo unachunga maji tangu mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu. Gaudí, katika Park Güell kule Barcelona (1900–1914), alipindisha kiti chake kufuata mugongo wa mutu. Juu ya umbo hilo njo mwenzake Jujol alipanga vipande vya seramiki. Mwili kwanza, pambo nyuma.

Juu ya michoro, mafundi wengi wanaiga maua ya katalogi. Sababu gani, wakati tuko na shule yetu? Katika Hangar, ambayo Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa mwaka wa 1946, Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi, na Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Kazi ya vipande vidogo-vidogo tunaijua. Na handa, ule musalaba wa shaba wa wazee wetu, unapangika vizuri sana kwa karo.

Lakini neno kubwa ni fasi ya kukiweka. Wengi wanakifungia ndani ya lupango, nyuma ya ukuta murefu wenye chupa zilizovunjwa juu yake. Hapo kinakuwa mali ya mwenye nyumba peke yake. Kwa Waluba, lupona kilikuwa kiti cha mukubwa mumoja; baraza ni kiti cha wote. Vile vipande vya chupa vinamuambia mutu apite mbali. Vipande vya karo vingeweza kumuambia akae. Ninajua, wezi wako, na ukuta hatutauvunja kesho. Hata hivyo, kiti kimoja cha beto nje ya mulango, chini ya muembe, hakuna mwizi atakibeba, na wazee wa mutaa watapata tena fasi ya kuongea na watoto.

Basi, ukimuita fundi, usimuulize kwanza rangi ya karo. Muulize: nani atakaa pale?