MLINZI WA SADAKA ALISHWE NA NANI?

Ndugu msomaji, mtu akitoa sadaka moyo wake hutulia kwa kuamini kuwa yuko mwenye kuiangalia. Ni haki basi tumwulize mwangalizi huyo: nani kakuweka, na nani akulisha?

Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, imejibu nusu ya suala hili. Msajili mkuu huteuliwa na Rais, ni mtumishi wa umma, na ofisi yake iko Dodoma. Mwenye kulipwa na Hazina hana haja ya kumnyenyekea anayemkagua. Hilo ni jema.

Lakini sadaka ikipotea haipotelei Dodoma. Hupotelea Magu, Sengerema, au visiwani Ukerewe, kwenye chakula cha yatima na dawa ya mgonjwa. Na huko kazi ya msajili msaidizi amepewa Afisa Maendeleo ya Jamii. Huyu ana mshahara wake, lakini usajili kwake ni kazi juu ya kazi: ndiye huyo huyo anayeshughulikia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa kina mama, vijana na walemavu. Sengerema sasa atafika kwa gari, maana daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025. Ukerewe bado ni kuvuka maji. Siku hiyo, nani amlipie nauli, chakula na malazi? Akilipiwa na shirika analokwenda kulikagua, basi keshakuwa mgeni wao, na mgeni hafungui makabati ya mwenyeji.

Dini yetu haikuona aibu kumlipa mwenye kazi hii. Katika Sura At-Tawba, aya ya 60, wenye kuitumikia zaka wametajwa miongoni mwa mafungu manane. Haki yao imewekwa wazi, wasije wakajitafutia kwa siri. Na mkusanyaji mmoja aliporudi kwa Mtume (S.A.W.) akasema kuwa hiki ni chenu na hiki nimepewa mimi zawadi, Mtume alipanda mimbari akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Yaani zawadi ile haikupewa mtu, ilipewa cheo.

Kwa hiyo haitoshi sheria kueleza nani amteue mkubwa. Mdogo naye atengewe fungu la safari, lijulikane katika bajeti ya halmashauri. Jina lake libandikwe kwenye ofisi ya kata, wananchi wamjue. Na akatazwe kupokea cha anayemkagua, hata sahani ya wali na sato. Mashirika hulipa ada kila mwaka. Ni haki yao kuuliza sehemu gani ya ada hiyo humvusha mkaguzi.

Mlinzi akilala na njaa mlangoni pa tajiri, msimlaumu mwizi peke yake. Wallahu aalam.