Msamiati wa Ebola Butembo na Beni: Riposte, Mshindi na Ustahimilivu

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini ulimalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 2,287 walifariki kati ya wagonjwa 3,470. Makala haya yanatathmini maneno matatu yaliyoenea wakati huo, kwa kuwa neno laweza kumtuliza mwenye hofu au kumzidishia.

La kwanza ni riposte, jina la Kifaransa la kampeni nzima dhidi ya maradhi. Asili yake ni mchezo wa upanga: pigo linalojibu pigo. Adui aliyekusudiwa ni kirusi. Lakini wakazi wa Beni walikuwa wakizika ndugu waliouawa na waasi tangu Oktoba 2014, na vikosi vya kampeni viliwajia vikilindwa na askari. Kisha uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ukaahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, Ebola ikitajwa kuwa mojawapo ya sababu. Kuiita shaka ya watu hao ujinga ni kosa la uchambuzi. Hata hivyo, shaka hiyo ilikuwa na gharama: Februari 2019 vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko aliuawa mjini Butembo.

La pili, mshindi (kwa Kifaransa vainqueur), alipewa aliyepona. Neno hili lilifaulu zaidi kwa sababu liliambatana na kazi: washindi, wakiwa na kinga, waliwalea watoto waliotenganishwa na mama wagonjwa. Kasoro yake ni kwamba halimwachii nafasi ya kuomboleza mshindi aliyefiwa na jamaa zake.

La tatu ni ustahimilivu. Kitenzi stahimili kina mzizi mmoja wa Kiarabu na neno hamali, yaani mchukuzi. Sifa hii humtukuza mbebaji bila kuuliza ni nani aliyemtwika, hali mzigo uliongezeka: Machi 2020 UVIKO-19 iliingia Kongo kabla Ebola haijaisha.

Ebola ilirudi Butembo Februari 2021 na Beni Oktoba mwaka huohuo. Hivyo basi, uteuzi wa maneno haustahili kungoja mlipuko mwingine. Yafaa maneno hayo yapimwe mapema na wasemaji wa Kinande na wa Kiswahili cha huko, wakiwemo waliopona.