Flashi ya picha ya saba

Picha ya saba imeharibu mfululizo mzima, na sioni sababu ya kuzungukazunguka. Zote tisa mmeziona: paka mweusi wa nyumbani, Mji Mkongwe, Unguja, na mpigaji ni kijana aliyeshika kamera ya dijitali juzi tu. Kujifunza kwa paka wake ni wazo zuri, maana paka hapokei amri. Utamsubiri upende usipende. Picha ya tatu, jicho la karibu limeingia fokasi barabara. Ya tano nayo inapita.

Sasa hiyo ya saba. Paka amekaa dakani, kando ya mlango ulio wazi, anatazama lenzi. Ni alasiri. Jua linagonga ukuta wa chokaa ng'ambo ya kichochoro, linarudi limelainika na kumwangukia ubavu wa kushoto. Mwanga wa namna hiyo watu hukodi studio kuutafuta. Tunajua ulikuwepo kwa sababu picha ya sita imepigwa hapohapo bila flashi: masharubu yanang'aa, manyoya yana kina. Kasoro yake ni ukungu tu, kwani shata ilikuwa 1/30 na paka akageuza kichwa. Kijana akaona ukungu, akaingiwa na hofu, akainua flashi.

Hapo ndipo alipokosea, tena vibaya. Dawa ilikuwa kidoleni mwake: ISO ilisimama 400. Angeipandisha hadi 3200, shata ingefika 1/250 kwa mwanga uleule, na lenzi ingebaki f/5.6. Chenga zingeongezeka kidogo, ndiyo. Na iwe! Wauza kamera wamewatia watu woga wa chenga kana kwamba ni ukoma.

Tazameni flashi ilichofanya. Macho yamekuwa miduara miwili ya kijani, mboni hazionekani. Nyuma ya retina paka ana utando unaorudisha mwanga, na flashi ya kwenye kamera iko juu kidogo tu ya lenzi, kwa hiyo mwanga umerudi ulikotoka. Kivuli kigumu kimebandikwa ukutani nyuma ya masikio. Kisha manyoya! Kipimo cha kamera hudhani dunia nzima ni kijivu. Kikikuta weusi mwingi kinazidisha mwanga. Paka mweusi katoka rangi ya jivu. Alipaswa kupunguza hatua moja, minasi moja, kabla hata ya kufikiria flashi.

Ugonjwa huu nimeupigia kelele tangu enzi za filamu, na naujua ulikotoka. Ni wapiga picha wa harusi, ambao ukumbi ukiwa na taa tele bado wanamchoma bibi harusi usoni mpaka shanga za shingoni hazihesabiki. Vijana wanawaona na kuiga.

Wala msiniletee hoja ya Walter Chandoha, Mmarekani aliyemwokota paka mdogo kwenye theluji ya New York mwaka 1949 na kufanya paka kuwa kazi ya maisha yake. Ni kweli alitumia flashi, tena zaidi ya moja. Lakini taa zake zilikaa pembeni na nyuma ya paka, ndiyo maana manyoya yamezungukwa na ukingo wa mwanga. Seydou Keïta naye, kule Bamako, alipiga picha nyingi uani kwa mwanga wa mchana, na aghalabu mteja alipata fremu moja tu. Leo kijana ana kadi ya kujaza picha maelfu, na bado hana subira ya kungoja paka atulie.

Ya nane na ya tisa zina flashi pia. Sina la kuongeza. Ya saba iondolewe na ya sita ibaki, pamoja na ukungu wake. Anayemfahamu kijana huyo amfikishie: flashi chini, ISO 3200, minasi moja, arudi dakani alasiri.