Iangalie Midomo ya Klampu

Video ya harusi moja ya hapa Neasden, London, imezunguka kwenye simu za watu wetu wote, na kila aliyeipokea ameandika kwamba mafundi wa taa ni hodari, kazi safi, wapewe maua yao. Rangi zilipendeza, sikatai. Lakini kamera ilipoinuka kwa sekunde chache nikaziona klampu, na tangu hapo roho haijatulia. Taa za kugeuka, zile zenye uzito wa kilo 20 na ushei, kila moja imening'inizwa kwa klampu moja tu, na chini yake ni meza ya wazee. Taa ya namna hiyo hufungwa kwa klampu mbili, kwa sababu inazunguka usiku kucha na kila mzunguko unaitikisa nati. Aliyefunga moja hajui kazi, au anajua na hajali, na hao wote wawili leo wanasifiwa.

Nimekereka kwa sababu eneo hili ni la sherehe. Kuanzia barabara ya North Circular hadi Wembley, Jumamosi haipiti bila ukumbi kuwashwa taa. Tunao Wahindi wa kwetu, waliozaliwa Nairobi, Kampala na Dar, wengine waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wanaosali kwenye mandir, hekalu kubwa la Kihindu lililofunguliwa hapa mwaka 1995, na wengi wa wazee wao bado wanakisema Kiswahili vizuri. Harusi zao ni za mamia ya watu. Wapo Wasomali, Wakongo, Waswahili wa Mombasa na Unguja wenye usiku wa taarabu. Watu wote hao huketi chini ya vyuma ambavyo hakuna aliyeinua macho kuvikagua.

Basi tuseme uko dukani, au umepewa sanduku la klampu za kukodi. Kwanza soma. Klampu isiyo na maandishi ya mzigo wake salama yaliyochongwa mwilini irudishe, usibishane. Kanuni za hapa Uingereza za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia zinataka kifaa kioneshe mzigo wake, na stika si uthibitisho. Hafu-kapla, yaani klampu ya pande mbili inayolizunguka bomba, ikiwa pana ya mm 50 mara nyingi huandikwa kg 500, na nyembamba ya mm 30 huwa chini ya hapo sana. Soma pia kipenyo. Bomba la ukumbi ni mm 48.3 kwa nje, na la trasi, ile fremu ya mabomba ya kutundikia taa, ni mm 48 hadi 50. Klampu iliyotengenezwa kwa bomba la kipimo kingine haiwi yako kwa kuilazimisha.

Klampu nyeusi usinunue kwa mtu usiyemfahamu. Najua tamthilia zinataka nyeusi ili zisionekane, lakini rangi huficha ufa, na fundi wa kweli hununua ya rangi ya fedha, akaikagua kwanza, halafu akaipaka mwenyewe. Hili halina mjadala.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mgeni wa kazi hii halioni kamwe, hata akiwa ameshika klampu mkononi: ile nafasi kati ya midomo.

Funga hafu-kapla kwenye bomba, kaza nati mpaka mkono useme imetosha, kisha uinamie utazame pale pande mbili zinapokaribiana, chini ya boliti. Lazima pawe na nafasi. Mwanga upite. Nafasi ile ndiyo ushahidi kwamba nguvu yote ya nati imekwenda kulibana bomba. Midomo ikiwa imegusana, klampu inajibana yenyewe. Nati itakuwa ngumu, spana itakataa kuzunguka, na mwenye haraka ataridhika, kumbe bomba ndani limelegea. Hapo ndipo nati inapomdanganya mtu. Mimi hutumia karatasi. Napitisha kipande kati ya midomo, kikipita bila kukwama nashika mwili wa klampu kwa mikono miwili na kuusokota kuzunguka bomba. Karatasi ikipita na klampu ikakataa kusogea, hiyo ni klampu. Karatasi ikikwama, klampu iweke kando, hata kama imetoka kiwandani jana.

Midomo hugusana kwa sababu tatu. Bomba ni jembamba kuliko klampu. Au kiwanda kimesubu aluminiamu laini bila kupima vizuri. Au klampu imekazwa kwa spana ndefu miaka mingi hadi mwili ukapanuka na tumbo lake la ndani likalika. Hii ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa ilikuwa nzuri zamani na mwenyewe bado anaiamini.

Na wajanja wanalijua hilo. Muuzaji mmoja wa vifaa vilivyotumika aliwahi kunitandazia klampu nyingi mezani, zote zina nafasi ya kupendeza. Zilikuwa za kupendeza mno. Nilipoigeuza moja kwenye mwanga nikaona midomo inang'aa kuliko mwili, na mistari midogo ya tupa imelala upande mmoja. Alikuwa amezipiga tupa ili mwanga upite. Mwili uliopanuka ameuacha vilevile, mdomo ameupunguza unene, na chuma kilichochoka akakiuza kama kizima. Kwa hiyo usitazame nafasi peke yake, tazama pia kama midomo iko sambamba na kama ina rangi moja na mwili.

Aliyenifunza haya alikuwa mzee mmoja wa Mombasa, fundi wa majukwaa tangu enzi za taa za Strand, zile Pattern 23 zilizotoka mwaka 1953, zenye mwili wa aluminiamu ya kusubu na ndoano nzito ya kushika bomba. Hakuwahi kufunga kitu kabla ya kulipangusa bomba kwa kitambaa. "Mwanangu," alikuwa akiniambia, "gundi ya tepu ni mafuta." Na ni kweli, masalio ya tepu na rangi iliyobanduka hufanya klampu iteleze. Siku hizi naona vijana wanafunga juu ya tepu ya mwaka juzi. Zamani fundi alirithi klampu kutoka kwa mwalimu wake na alizijua moja moja. Sasa zinanunuliwa kwa katoni.

Ndoano zenye skrubu moja ya kubana zina mahali pake, yaani kwenye bomba la chuma. Kwenye trasi ya aluminiamu, ambayo ukuta wake mara nyingi ni mm 2 au 3 tu, ncha ile huchimba shimo, na trasi iliyochimbwa ni hasara ya mwenye ukumbi. Nati ya mabawa ikazwe kwa mkono. Anayeipiga kwa koleo simpandishi ngazi yangu.

Boliti inayoshika taa ni sehemu ya klampu, ingawa wengi huiokota popote. Kichwani iwe na namba 8.8, iwe M12 kwa taa nzito, nati yake iwe nailoki, ile yenye pete ya nailoni ndani, na nyuzi mbili angalau zitokeze nje. Kichwa kikae ndani ya mfereji wake bila kuzunguka. Kikizunguka, taa itajifungua yenyewe taratibu, na hakuna atakayesikia kwa sababu ya muziki.

Halafu kuna waya wa usalama. Upite kwenye bomba na kwenye tundu la taa yenyewe, usipite kwenye klampu, maana klampu ikiachia, waya huanguka pamoja nayo. Uwe mfupi, taa isiweze kushuka zaidi ya sm 20 kabla ya kudakwa, kwani kadiri inavyoshuka ndivyo mshtuko unavyozidi. Na waya uliowahi kudaka taa hata mara moja haurudi kazini, hata ukionekana mzima. Ukate vipande viwili kabla hujautupa, ili kijana wa zamu ya kesho asiuokote kwenye pipa akaurudisha juu.