Vyura, rula na vinasaba: milima imepimwa, Singida je?

Novemba 2025 jarida la Vertebrate Zoology lilichapisha makala iliyowapa majina vyura watatu wapya wa Tanzania: Nectophrynoides saliensis, N. luhomeroensis na N. uhehe. Habari zilisambaa haraka, na si ajabu. Vyura wa jenasi hii hawatagi mayai majini kama tulivyofundishwa darasani. Wanazaa vyura wadogo waliokamilika, bila hatua ya kiluwiluwi anayeogelea.

Nimeisoma makala hiyo zaidi ya mara moja. Ni kazi nzuri na nitaeleza kwa nini. Lakini mimi utafiti wangu uko Singida, kwenye vichaka, mawe na malambo yanayokauka kila mwaka, na kutoka huku kazi hii inaonekana na upungufu ambao watu wa milimani huenda hawauoni.

Nani mwenye jina?

Tuanze na tatizo lenyewe. Mwaka 1905 Gustav Tornier, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa Berlin, alitangaza chura anayezaa kutoka nchi yetu, wakati huo ikiwa koloni la Ujerumani. Alimwita Pseudophryne vivipara. Sasa cheki: Pseudophryne ni jenasi ya vyura wa Australia! Alikwenda kwa umbo tu, na umbo likampeleka ng'ambo ya bahari. Ilibidi tusubiri hadi 1926 ndipo G. K. Noble alipounda jenasi ya Nectophrynoides na kumweka chura huyu mahali pake.

Baada ya hapo jina "viviparus" likawa kama koti la mtumba linalomtosha kila mtu. Vyura wenye tezi kubwa kichwani na miguuni, kuanzia Nyanda za Juu Kusini hadi kwenye Milima ya Tao la Mashariki, wote waliitwa hivyo. Vipimo vya vinasaba vilipoanza kuonyesha kwamba humo ndani kuna koo zaidi ya moja, likazuka swali gumu: kama wako wanne, yupi abaki na jina la zamani na wepi wapewe majina mapya?

Swali hili halijibiwi kwa kura. Katika sayansi ya uainishaji, jina hufuata sampuli ya kwanza iliyotumika kulitangaza. Fikiria watu wanne wanaodai kiwanja kimoja. Utauliza nani ana hati ya awali. Hapa hati ni mzoga wa chura uliokaa kwenye chupa ya makumbusho Ulaya zaidi ya miaka 100.

Na hapo ndipo Christian Thrane na wenzake, akiwemo John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipofanya jambo la maana. Walichukua DNA kutoka kwenye hizo sampuli kongwe. Si kazi rahisi. Vinasaba vya mnyama aliyekaa kwenye spiriti muda huo huwa vimekatikakatika vipande vifupi mno, na ukizembea kidogo unasoma DNA ya mtu aliyeishika chupa badala ya ya chura. Wao walifanikiwa kulinganisha sampuli za zamani na vyura waliokusanywa miaka ya karibuni, wakajua yupi ndiye viviparus halali. Waliobaki ndio wakapewa majina. Wangeanza kugawa majina bila kurudi kwenye hati, leo tungekuwa na vurugu mpya juu ya ile ya zamani.

Rula ina mipaka yake

Upande wa pili wa kazi ya namna hii ni vipimo vya mwili. Unachukua kalipa, unapima urefu kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa kiwiliwili, upana wa kichwa, kipenyo cha jicho, urefu wa muundi, ukubwa wa tezi. Kisha unalinganisha kwa takwimu.

Kwa asiyewahi kushika kalipa hili linaonekana jambo la uhakika. Namba ni namba, au siyo? Hebu tupige hesabu. Chura mwenye urefu wa milimita 25, ukikosea nusu milimita, kosa lako ni asilimia 2. Unaweza kuvumilia. Lakini jicho lake lina kama milimita 3. Nusu milimita hiyo hiyo sasa ni karibu asilimia 17. Ongeza kwamba chura aliyekaa kwenye spiriti husinyaa, kwamba jike na dume mara nyingi hutofautiana ukubwa, na kwamba watu wawili wakimpima chura mmoja hawapati namba zinazofanana kabisa. Tofauti ndogo ya jicho kati ya spishi mbili inaweza kuwa ni tofauti ya mikono ya wapimaji.

Vinasaba navyo vina mitego. Kipimo cha kawaida kwa vyura ni kipande cha jeni kinachoitwa 16S, kilichomo kwenye mitokondria. Watafiti wengi hutumia tofauti ya takriban asilimia 3 kama kengele ya kwanza: ikivuka hapo, chunguza, huenda ni spishi nyingine. Ni kengele tu, haitoi hukumu. Mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama peke yake, kwa hiyo inasimulia historia ya upande mmoja wa ukoo. Mambo ya baba hayamo.

Kwa sababu hiyo kanuni nzuri ni kutomwamini shahidi mmoja. Vinasaba viseme, mwili useme, na ikiwezekana sauti au tabia nayo iseme. Wakikubaliana, taja jina. Makala ya 2025 imetumia vinasaba na mwili kwa pamoja, na hapo naipa alama za juu.

Kila mlima na chura wake?

Sasa lawama. Mwaka 2017 Jeet Sukumaran na Lacey Knowles walichapisha onyo kwenye jarida la PNAS: mbinu nyingi za kisasa za kutenganisha spishi kwa vinasaba kwa kweli zinatenganisha makundi ya watu wa ukoo mmoja walioishi mbalimbali. Vyura wa milima miwili iliyotengwa na tambarare kavu watatofautiana vinasaba, hilo halikwepeki. Je, kutengana huko kunatosha kuwaita spishi mbili?

Onyo hili linaigusa Tanzania kuliko nchi nyingi, kwa sababu milima yetu ni kama visiwa. Angalia vyura wadogo wa Hyperolius ambao madume yao yana miiba kooni. Zamani jina H. spinigularis, lililotolewa kwa vyura wa mlima Mulanje nchini Malawi, lilitumika pia kwa vyura wa Usambara. Mwaka 2015 Simon Loader na wenzake wakatangaza watatu kwa mpigo: H. davenporti, H. burgessi na H. ukwiva. Mwaka 2017 akaja H. ruvuensis wa msitu wa Ruvu Kusini, na 2023 Lucinda Lawson na wenzake, akiwemo Lyakurwa, wakamtangaza H. ukaguruensis wa milima ya Ukaguru. Karibu kila msitu sasa una wake.

Sisemi hawa si spishi halali. Vyura hao wa miiba wana ugumu wa pekee: madume yao hayajulikani kwa kuita majike kwa sauti. Kwa vyura wengine wengi, mwito wa dume ndio ushahidi mzuri kuliko yote, maana majike wenyewe hutumia huo kuchagua. Hapa shahidi huyo hayupo, kwa hiyo vinasaba na kalipa vinabeba mzigo wote. Ninachodai ni kwamba waandishi wa kazi hizi waseme wazi zaidi: ni ushahidi gani ungewafanya wakatae kumtenga chura wa mlima fulani? Kama jibu halipo, basi tunahesabu milima.

Lawama yangu ya pili ni ya matumizi. Bwana misitu au mwanafunzi wa diploma hana maabara ya DNA. Anahitaji ukurasa mmoja wenye picha na alama tatu za kuangalia, kwa Kiswahili. Kazi imefanyika kwa ajili ya wataalamu waliokwisha kuwa wataalamu.

Huku katikati je?

Lawama kubwa zaidi haihusu makala moja. Inahusu ramani nzima. Spishi mpya zote nilizotaja hadi sasa zimetoka kwenye misitu ya milimani au ya pwani. Ndiko kulikojulikana kuwa na utajiri, watafiti wakaenda, wakapata, wakarudi tena. Mimi naliita hili duara la tochi: tunatafuta pale penye mwanga.

Singida hakuna msitu wa mawingu. Tuna mvua ya msimu mmoja, ziwa Singidani na Kindai zenye maji ya chumvi, mbuga ya Wembere, na kichaka cha Itigi ambacho kwa mimea yake ni cha aina ya pekee. Mtu akiangalia haraka atasema huku kuna vyura wa kawaida tu wa savana, majina yao yanajulikana.

Majina yapi? Kwa miongo mingi vyura wa madimbwi na majaruba ya mpunga wa sehemu kubwa ya Afrika waliitwa Ptychadena mascareniensis, jina la chura aliyeelezwa kutoka visiwa vya Mascarene kule Bahari ya Hindi. Mwaka 2017 Breda Zimkus na wenzake walionyesha kwa vinasaba kwamba jina hilo ni la vyura wa Madagaska na visiwa vya jirani. Wa bara ni wengine, tena ni zaidi ya mmoja. Kila orodha ya zamani iliyotumia jina hilo huku bara inahitaji kufanywa upya.

Mfano mzuri zaidi ni chura mchanga, Tomopterna, anayejifukia ardhini kiangazi na kutoka mvua zikianza. Jina T. cryptotis lilitolewa mwaka 1907 kwa chura wa Angola, likasambazwa hadi huku kwetu. Kisha mwaka 1996 Alan Channing na James Bogart wakamtangaza T. tandyi. Ukiwaweka hawa wawili mezani huwatofautishi kwa macho wala kwa rula. Lakini cryptotis ana kromosomu 26 na tandyi ana 52, mara mbili kamili, na miito yao haifanani kasi. Hapa kalipa imeshindwa. Hata 16S peke yake haihesabu kromosomu.

Wakenya wametuonyesha kwamba inalipa kutafuta kwenye nchi kavu. Mwaka 2013 Domnick Wasonga na Channing walichunguza vyura mchanga wa Kenya wakapata spishi mbili mpya, mmoja akiitwa T. wambensis kwa mji wa Wamba huko Samburu. Huko hakuna msitu wa mawingu. Ni nchi ya mifugo na vumbi, kama Manyoni.

Jina lina kazi gani?

Unaweza kuuliza: mkulima wa alizeti wa Ikungi anapata nini chura akibadilishwa jina? Swali halali.

Kumbuka chura wa Kihansi. Aliokotwa mara ya kwanza mwaka 1996, wakati mradi wa umeme umekwisha kuanza, akapata jina la Nectophrynoides asperginis. Maji yalipogeuzwa, makazi yake ya manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 wachache walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, mwaka 2009 IUCN ikatangaza kwamba ametoweka porini, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa. Yote hayo, pamoja na vinyunyizio vilivyowekwa bondeni, yaliwezekana kwa sababu watu walijua kwamba chura huyu hayupo pengine popote duniani. Angeandikwa kwenye ripoti kama "chura mdogo, wa kawaida", hadithi ingeishia hapo.

Ripoti za tathmini ya mazingira za kanda kavu nilizopata kuzisoma huwa na orodha ya vyura iliyojazwa kwa kufungua kitabu cha mwongozo. Chura mchanga ni "cryptotis", mstari unaofuata. Hakuna sauti iliyorekodiwa, hakuna kipande cha nyama kilichohifadhiwa. Kisha barabara inajengwa au lambo linachimbwa kwa imani kwamba hakuna kitu cha pekee pale. Huenda kweli hakuna. Lakini kwa ushahidi huo hatuwezi kusema.

Na gharama si kubwa kama tunavyoogopa. Ukiwa na vibali, usiku wa mvua za kwanza unaweza kurekodi miito kwa simu, kuandika mahali kwa GPS, kupima kwa kalipa mara tatu kila chura, na kuweka kipande kidogo cha nyama kwenye ethanoli kisubiri maabara. Kwa chura mchanga kuna njia nyingine ambayo hata hadubini ya shule ya sekondari inaiweza: mnyama mwenye kromosomu mara mbili huwa na chembe nyekundu za damu kubwa zaidi. Tone moja la damu kwenye kioo linakupa dalili ambayo rula haikupi.

Makala ya 2025 imetufundisha namna ya kusoma hati za zamani, na ninawashukuru waandishi wake. Kazi inayofuata ni kuleta mashahidi wote, vinasaba, mwili na sauti, kwenye mikoa ambayo bado inaandikwa "spishi za kawaida". Mvua za Singida huanza Novemba au Desemba. Anayeandaa pendekezo la masta mwaka huu bado ana muda.